Milimita Saba na Ahadi ya Kuotesha Kizazi Upya

Kipimo chenyewe hakichukui dakika tano. Mwanamke analala chali, daktari anaingiza ukeni kifaa chembamba cha ultrasaundi, anautafuta mji wa mimba mpaka auone kwa urefu wake kwenye skrini, kisha anasimamisha picha. Anaweka alama mbili: moja pale utando wa ndani unapokutana na msuli upande wa mbele, nyingine upande wa nyuma. Mashine inatoa namba. Ikiwa ni tisa au kumi, kiinitete kilichogandishwa kitayeyushwa na kupandikizwa siku iliyopangwa. Ikiwa ni sita na nusu, chini ya saba ambayo kliniki nyingi huichukua kuwa mpaka, mazungumzo yanabadilika. Ataongezewa vidonge vya estrojeni na kuambiwa arudi baada ya siku chache. Siku hizi, katika kliniki nyingi za uzazi, ataambiwa pia kwamba ipo tiba mpya ya kuuotesha utando huo kwa damu yake mwenyewe.

Tiba za namna hiyo zimeshika kasi kwa miaka kumi na mitano hivi. Ipo dawa ya kuamsha uboho inayopulizwa ndani ya kizazi, ipo plazima iliyosheheni chembe sahani, zipo seli shina za uboho na za kitovu cha mtoto mchanga. Sayansi iliyomo ni tamu kuisoma. Hata hivyo jambo moja halijakaa sawa: nyingi ya tiba hizi zimeonyesha kwamba milimita zinaweza kuongezeka, ilhali mgonjwa hakuja kutafuta milimita. Na wote wanaokusanywa chini ya jina la "utando mwembamba" wana maradhi yasiyofanana.

Tuanze na utando wenyewe. Una matabaka mawili. La juu ndilo linalotoka na hedhi. La chini, lililoegemea msuli, halitoki. Hedhi inapokwisha hubaki milimita mbili hadi nne, kisha estrojeni inalisukuma tabaka la juu likue hadi nane, kumi, hata kumi na nne ndani ya wiki mbili. Ni kazi inayorudiwa mara mia nne hivi katika maisha ya mwanamke, tena bila kuacha kovu. Siri yake iko chini. Mwaka 2004 kundi la Caroline Gargett huko Melbourne, Australia, lilionyesha kwamba ndani ya utando huo zimo chembe chache sana, pungufu ya mbili katika kila mia, ambazo moja peke yake yaweza kuzaa koloni zima. Hiyo ni tabia ya seli shina. Ni kama nyasi: ukizifyeka zinachipua, ukizing'oa na mizizi ardhi inabaki tupu.

Kwa nini wembamba uzuie mimba? Maelezo yanayonivutia zaidi ni ya Robert Casper wa Toronto, aliyoyatoa mwaka 2011. Katika siku zake za mwanzo kiinitete hupenda mahali penye oksijeni kidogo. Tabaka la juu likiwa nene, kinatua mbali na mishipa mikubwa ya chini. Likiwa jembamba, kinatua karibu kabisa na mishipa hiyo, na oksijeni inayomwagika hapo yaweza kukidhuru. Ni nadharia, lakini inatukumbusha kwamba utando ni mazingira ya kuishi. Unene wake ni ishara ya nje tu.

Takwimu kubwa zaidi ninazoziamini zilitoka Kanada mwaka 2018, zikikusanya zaidi ya mizunguko 40,000 ya upandikizaji. Katika viinitete vibichi, visivyogandishwa, waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 33.7 pale utando ulipofika milimita nane au zaidi, asilimia 25.5 kwenye saba, 24.6 kwenye sita, na 18.1 kwenye tano. Kwa vilivyogandishwa, walikuwa asilimia 28.4 kwenye nane na kuendelea, 27.4 kwenye saba, 23.7 kwenye sita, na 15 kwenye tano. Zisome polepole. Hakuna mahali ambapo mlango unafungwa ghafla. Kati ya saba na sita, kwa kiinitete kilichogandishwa, tofauti haifiki pointi nne. Kuna mteremko, na saba ni alama tuliyoichora wenyewe mahali fulani kwenye mteremko huo ili tupate pa kusimamia. Zipo hata taarifa za mimba zilizoshika utando ukiwa milimita nne.

Isitoshe, mkono unaopima si sahihi kiasi hicho. Wapimaji wawili wakimpima mwanamke mmoja siku moja, wanaweza kutofautiana kwa milimita moja. Kizazi husinyaa na kulegea chenyewe. Kikisinyaa wakati picha inasimamishwa, namba inahama. Kwa hiyo 6.8 ya Jumatatu na 7.3 ya Alhamisi huenda ni utando uleule. Lakini baina ya Jumatatu na Alhamisi hizo mara nyingi kuna tiba iliyolipiwa, na sifa zote zinaiendea.

Sasa chanzo, na hapa ndipo penye uzito kwa wasomaji wa pande zetu. Mwaka 1894 Heinrich Fritsch, daktari Mjerumani, aliandika habari za mwanamke ambaye hedhi yake ilikatika baada ya kukwanguliwa kizazi. Mwaka 1948 Joseph Asherman akakusanya wagonjwa 29 wa namna hiyo, na jina lake likabaki kwenye ugonjwa. Kinachotokea ni kwamba kijiko cha chuma kinapita tabaka la juu na kulichimba la chini, hasa mimba inapokuwa imetoka au mama amejifungua karibuni na kizazi ni laini. Kuta mbili zilizochubuka zinashikana na kuota kovu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta mishikamano kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliochunguzwa kwa kamera baada ya mimba kutoka. Mingi ilikuwa myepesi, lakini hatari iliongezeka kwa wale waliosafishwa zaidi ya mara moja.

Kusafishwa kizazi ni jambo la kawaida Afrika Mashariki, na mara nyingi mwanamke haambiwi kifaa gani kilitumika. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba kukwangua kwa kijiko cha chuma ni njia iliyopitwa na wakati; badala yake kuna dawa, au bomba la plastiki la kuvuta kwa mkono ambalo ni rahisi na halihitaji umeme. Kila kijiko kinachobaki kabatini kinapunguza foleni ya baadaye ya wanaotafuta seli shina. Naisema hoja hii mapema kwa sababu makala za tiba hizi huisahau, pengine kwa kuwa haina msisimko.

Chanzo cha pili kwetu ni kifua kikuu. Kenya, Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu ambayo Shirika la Afya Duniani lilitumia kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Vijidudu hivyo vikisafiri kwa damu hadi kwenye mirija na kizazi, vinaweza kuharibu tabaka la chini kimyakimya. Mwanamke hana kikohozi, ila hedhi inapungua mwezi hadi mwezi. Vidonge vya kifua kikuu vinaua kijidudu, lakini mara nyingi havirudishi utando uliokwisha kufa. Mwanamke huyu akipewa plazima ya damu yake bila kupimwa kipande cha utando, anatibiwa kivuli.

Kuna chanzo cha tatu ambacho ni chepesi hata kinachekesha: vidonge vya klomifeni, vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa kwa watu wanaotaka "yai likomae haraka". Klomifeni huziba milango ya estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake matokeo yake ni yai zuri juu ya utando mwembamba. Dawa ya hapo ni kubadilisha dawa. Wapo pia waliopigwa mionzi ya saratani nyongani, na wapo ambao tangu ujana utando wao haupiti milimita sita bila sababu inayoonekana. Watu wa aina tano hivi, na wote wanapewa jina moja.

Tiba za zamani nitazipita haraka, kwa sababu hakuna iliyoleta mapinduzi: estrojeni kwa muda mrefu zaidi au kwa njia ya ukeni, aspirini, vitamini E pamoja na pentoksifilini, hata sildenafili ya ukeni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Viagra, iliyojaribiwa tangu mwaka 2000 ili kuongeza damu kizazini. Iliyobaki na heshima yake ni upasuaji wa kamera, daktari akikata mishikamano huku anaiona. Hata hivyo, kwa ugonjwa mkali mishikamano hurudi.

Mwaka 2011 Norbert Gleicher na wenzake wa New York walitoa habari za wanawake wanne. Walichukua dawa inayotumiwa kwa wagonjwa wa saratani ili uboho utoe chembe nyeupe, wakaipuliza kizazini kwa mrija. Utando wa wote wanne ulinenepa, na wote wanne wakashika mimba. Habari ya namna hiyo husafiri haraka kuliko daladala. Miaka mitatu baadaye kundi hilohilo, kwa uungwana, lilichapisha jaribio la kura, yaani la washiriki wanaogawanywa kwa bahati nasibu kati ya tiba na kundi la kulinganisha, la wanawake 141 ambao hawakuteuliwa kwa wembamba wa utando: dawa haikuongeza unene wala mimba. Mtetezi atasema hao hawakuwa wagonjwa wenyewe, na atakuwa na haki. Lakini tangu hapo matokeo kwa wenye utando mwembamba yamekuwa ya kupanda na kushuka.

Plazima yenye wingi wa chembe sahani, ambayo kila mtu huiita PRP, ndiyo iliyoenea kuliko zote, na ukiona inavyotengenezwa utajua sababu. Muuguzi anachukua damu ya mkononi, mililita kumi hadi ishirini, kwenye mirija yenye dawa ya kuzuia isigande. Mirija inawekwa kwenye mashine ya kuzungusha. Inapotoka, damu imejipanga kwa uzito: chembe nyekundu chini, utepe mwembamba mweupe katikati, majimaji ya rangi ya majani makavu juu. Majimaji na utepe hufyonzwa, yanazungushwa tena, na sehemu ya juu inamwagwa. Kinachobaki ni mililita moja au chini yake, chembe sahani zikiwa mara nne au tano ya kawaida. Kwa mrija uleule unaotumika kupandikiza kiinitete, tone hilo linaingizwa kizazini siku ya kumi au ya kumi na mbili ya mzunguko, na baada ya siku mbili tatu utando unapimwa tena.

Wazo lake lina mantiki. Chembe sahani ndizo zinazowahi kwenye jeraha, na zimebeba vichocheo vya kuotesha mishipa na kugawanya chembe. Mwaka 2015 madaktari wa Guangzhou, China, waliripoti wanawake watano ambao tiba nyingine zilishindikana kwao. Wote watano walipata mimba. Tangu hapo majaribio ya kura yamefanywa, mengi yake nchini Iran, na kadhaa yameonyesha unene na mimba kuongezeka. Lakini ni majaribio madogo, na kila maabara inazungusha damu kwa kasi yake na kuingiza kiasi chake. Wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba kwa pamoja, walipoyapitia mwaka 2024 walisema uhakika wa ushahidi uko chini sana. Mwaka mmoja kabla ya hapo, chama cha wataalamu wa uzazi wa Ulaya, ESHRE, kilipopanga huduma za ziada za kliniki, hakikuipendekeza PRP ya kizazini kuwa huduma ya kawaida.

Seli shina ni hadithi nyingine, na hapa napenda kukaa kidogo. Mwaka 2004 Hugh Taylor wa Yale aliwachunguza wanawake wanne waliokuwa wamepandikizwa uboho wa watu wengine. Ndani ya utando wa vizazi vyao akakuta chembe zenye alama za waliowachangia uboho, kwa kiwango kilichoanzia chini ya asilimia moja hadi karibu nusu. Ilionekana kwamba uboho hutuma mafundi kwenda kukarabati kizazi. Mwaka 2018 kundi la Gargett likarudia swali hilo kwa panya waliotiwa alama kwa uangalifu zaidi na kupata jibu kinyume: chembe za uboho zilizoonekana kwenye utando zilikuwa za kinga, si za utando. Ubishi huo haujazimika, na si wa vitabuni tu. Kama seli za uboho hazigeuki kuwa utando, basi zikisaidia zinasaidia kwa kutoa ishara, na huenda siku moja ishara hizo zitatengenezwa bila kumtoboa mtu uboho.

Jaribio lililoufanya uwanja huu uheshimiwe lilitoka Valencia, Hispania, mwaka 2016. Wagonjwa 16 walilimaliza: 11 wa Asherman na 5 wenye utando uliosinyaa. Walichomwa sindano za kuhamisha seli kutoka ubohoni kuingia kwenye damu, mashine ikazichuja zile zenye alama ya seli shina iitwayo CD133, kisha mrija ukapitishwa kwenye mshipa wa paja hadi kwenye mishipa midogo inayolisha kizazi, na seli zikaachwa hapo. Hedhi ilirudi kwa 15 kati ya 16. Unene wa wastani kwa wagonjwa wa Asherman ulipanda kutoka milimita 4.3 hadi 6.7, na kwa wale wengine kutoka 4.2 hadi 5.7. Watatu walishika mimba bila kupandikizwa kitu, na mara 14 za kupandikiza viinitete zikaleta mimba saba. Si zote zilizodumu. Taarifa ilipochapishwa watoto waliozaliwa walikuwa wawili na mimba mbili zilikuwa zinaendelea.

Angalia vizuri: kwa wastani hakuna kundi lililofika saba. Kwa kipimo cha kliniki, tiba ilishindwa. Kwa kipimo cha mwanamke ambaye hakuwa ameona damu ya hedhi kwa muda mrefu kisha akashika mimba, ilifanya kitu. Lakini damu hiyo ilianza kupungua tena miezi ilivyokwenda, kuelekea mwezi wa sita, na hapakuwa na kundi la kulinganisha. Wagonjwa hawa walikuwa wameshapitia upasuaji wa kamera. Sehemu gani ya mafanikio ni ya seli na ipi ni ya mikono ya daktari, jaribio halikuweza kusema.

Nanjing, China, walikwenda kwa njia yao. Walichukua seli za kitovu cha mtoto, wakazipandisha kwenye kitambaa cha kolajeni, na baada ya kukata mishikamano wakakitandika ndani ya kizazi. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya wanawake 26 ambao mishikamano yao ilikuwa ikirudi kila ikikatwa: kumi walishika mimba, wanane walikuwa wameshajifungua salama. Kwa wagonjwa wa aina hiyo, matokeo haya ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Hapa pia hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Ukosefu wa kulinganisha unaumiza zaidi katika ugonjwa huu kuliko mwingine. Mwanamke anaingizwa kwenye jaribio kwa sababu mwezi huu utando wake ulikuwa mbaya kuliko kawaida. Mwezi ujao, bila kufanywa lolote, yaelekea utapanda kidogo, kwa kuwa umetoka kwenye siku yake mbaya kabisa. Wakati huohuo ameongezewa estrojeni, amepimwa na mtu mwenye matumaini, na akipata mimba, kiinitete chenyewe kilikuwa na nafasi yake. Takwimu za Kanada zinaonyesha kwamba hata kwenye milimita sita, karibu robo ya mizunguko ya viinitete vilivyogandishwa iliishia na mtoto. Wanawake watano wakishika mimba kwa mfululizo peke yao si ushahidi wa kutosha. Wale watano wengine, walioshindwa mahali pengine, hawakuandikiwa makala.

Ndiyo maana siifurahii namna PRP inavyouzwa. Damu ni ya mgonjwa, mashine ya kuzungusha ipo katika kila maabara, na kwa kuwa hakuna kidonge kipya, haipiti kwenye tundu la sindano ambalo dawa mpya hupita. Mtu aliyeuza kiwanja ili alipie upandikizaji hasemi hapana kwa nyongeza inayoitwa kuhuisha kizazi, hasa akiambiwa haina madhara. Madhara ya mwilini ni kweli si makubwa. Ya mfukoni yapo, na ya muda pia: kila mzunguko unaoahirishwa kusubiri utando unenepe ni miezi inayotoka kwenye umri wa mayai yake, kama viinitete havijahifadhiwa bado.

Ningekuwa namshauri dada aliyeambiwa utando wake ni 6.4, ningemtaka kwanza adai kupimwa tena na mtu mwingine, kisha aulize sababu. Amewahi kusafishwa? Hedhi ilipungua baada ya hapo? Kizazi kimeangaliwa kwa kamera, na kipande cha utando kimepimwa kifua kikuu? Anatumia klomifeni? Mzunguko wa asili, ambapo yai lake mwenyewe linatoa estrojeni, umejaribiwa badala ya vidonge? Na swali ambalo halina bili: tukipandikiza hivihivi, nafasi yangu ni ngapi? Baada ya yote hayo PRP inaweza kuwa jaribio la haki, ikiitwa jaribio na kutozwa bei ya jaribio. Seli shina zibaki kwa wagonjwa wa Asherman mkali, ndani ya utafiti uliosajiliwa wenye kura na kundi la kulinganisha, mahali ambapo mgonjwa hatozwi ada ya kuwa panya.

Lipo jambo la mwisho ambalo kliniki za uzazi hulitaja kwa nadra, kwa kuwa likitokea mgonjwa ameshahamia mikononi mwa wengine. Kazi ya utando haiishi kiinitete kinaposhika. Ndio unaolizuia kondo la nyuma lisizamishe mizizi yake kwenye msuli. Kwa mwanamke aliyewahi kuwa na Asherman, hata aliyetibiwa vizuri, hatari ya kondo kung'ang'ania na damu kumwagika wakati wa kujifungua ni kubwa kuliko kawaida, na katika nchi zetu damu baada ya kujifungua tayari inaua akina mama wengi. Utando uliooteshwa hadi milimita saba unaweza kutosha kubeba mimba bila kutosha kulizuia kondo. Kwa hiyo historia hiyo iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki ya wajawazito tangu siku ya kwanza, ultrasaundi ya miezi ya kati iangalie kondo limekaa wapi na limezama kiasi gani, na ajifungulie penye damu ya akiba na daktari wa upasuaji aliye tayari.